Skripti ya sh isitegemee $UID

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wenzangu wanaotunza seva. Kuna mstari unaonakiliwa kutoka skripti moja hadi nyingine, eti wa kumzuia asiye root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) kwa kuangalia $UID, kigeu cha namba ya mtumiaji:

#!/bin/sh
if [ $UID -ne 0 ]; then exit 1; fi

Kwenye Linux ya Red Hat unafanya kazi, kwa kuwa /bin/sh (sheli, yaani programu inayoendesha skripti) ya huko ni bash, na bash hujijazia UID yenyewe. Ipeleke skripti hiyohiyo Ubuntu, ambako /bin/sh ni sheli nyingine, dash, tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006, au Debian tangu 6.0 ya 2011. Dash haijazi UID, na POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, hakiidai. Kigeu kikiwa kitupu, sheli inabaki na `[ -ne 0 ]`, nayo inalalamika: `[: -ne: unexpected operator`.

Lalamiko lenyewe si tatizo. Tatizo ni kwamba mabano yakikosea hurudisha 2, na kwa `if` chochote kisicho 0 maana yake ni "hapana". Basi `exit 1` inarukwa, skripti inasonga mbele mikononi mwa mtu asiye root: amri nyingine zinakwama kwa kukosa ruhusa, nyingine zinapita. Ikiwa ni kazi ya cron (inayojiendesha kwa ratiba), lalamiko huishia kwenye barua za mfumo ambazo hakuna anayezifungua. Kuzungushia "$UID" alama za nukuu hakuponyi. Ujumbe tu ndio unaogeuka kuwa `Illegal number`.

Tena dash huamini inachokikuta kwenye mazingira. Mtu akiandika `env UID=0 sh skripti.sh`, kishakuwa root machoni pa skripti.

Dawa ni kuiuliza amri yenyewe:

if [ "$(id -u)" -ne 0 ]; then
  echo "Endesha kama root" >&2
  exit 1
fi

`id -u` hutoa namba ya mtumiaji inayotumika wakati huo, sawa na kigeu EUID cha bash. Ukitaka ile halisi, andika `id -ru`. Jibu lihifadhi kwa jina lako, mathalani `namba=$(id -u)`. Ukiliita UID, bash itakataa kwa `readonly variable`, na hapo utakuwa umeiharibu skripti kule ilikokuwa nzima.

Walio bado na mfumo wa Solaris 10 wajue kuwa /usr/bin/id ya huko haiitambui `-u`; waite /usr/xpg4/bin/id.

Msimamizi wa seva,
Dodoma