Vinara vya brasi visiuzwe kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo watu wengi hapa Tanga wanalichukulia poa wakati linatutia hasara kweli kweli, nalo ni hivi vinara vya mishumaa vya brasi, vile vya zamani, vinavyoishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mikokoteni inapita Ngamiani barabara kwa barabara, kijana anagonga chuma anaita watu watoe masufuria mabovu, betri, mabomba, na humo humo bibi wa watu anatoa kinara kilichokaa kabatini toka enzi za mumewe, kinaning'inizwa kwenye mzani pamoja na koki za bomba zilizokufa, analipwa hela ya kilo. Kikitoka hapo kinaenda kuyeyushwa, ndo basi tena.

Kinachoniuma zaidi ni ile tupa, kifaa cha kukwangulia chuma. Mnunuzi anataka kuhakikisha ndani ni brasi tupu, kwahiyo anakipiga tupa begani, pale pale kwenye maringi mazuri, anaacha mkato wa njano unaong'aa kama kidonda. Nimekiona kimoja yadi, kirefu, shina limechongeka vizuri, kitako cha pembe nne kilichokatwa ncha, na mkato umepita katikati ya ringi. Hata ukikinunua pale ukiokoe, ule mkato hautoki.

Mtu ataniuliza, nitajuaje changu ni cha maana au ni cha juzi tu? Anza na sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio inatosha. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, sumaku haiishiki, kwahiyo ikinata ujue ni chuma kilichopakwa rangi ya brasi juu. Ila sumaku peke yake haitoshi maana kuna vya alumini vilivyopakwa na vyenyewe havishikwi, hapo uzito utakwambia, brasi ni nzito bwana, ukiinua mkono unajua.

Alafu kigeuze chini juu. Watu wengi wanaangalia juu tu kwenye kung'aa, ila habari yote iko chini ya kitako. Vinara vingi vya Uingereza vya karne ya 19 vina kijiti ndani ya shina, unakisukuma kwa kidole kutoka chini, kile kipande cha mshumaa kilichobaki kinapanda juu unakitoa bila kuchokonoa na kisu. Ukikuta hicho kijiti, au hata tundu lake tu, usikimbilie mzani. Vya nyuma zaidi, vile vya karne ya 18, mafundi walikuwa wanasubu shina (yaani wanamimina brasi iliyoyeyushwa kwenye kalibu) nusu mbili halafu wanazilehemu pamoja, kwahiyo ukisimama kwenye mwanga mzuri ukakizungusha pole pole utaona mstari mwembamba sana unashuka kila upande, na mahali pengine hauonekani kabisa mpaka ukihemee kidogo. Tafuta na alama. Uingereza kuanzia 1842 mpaka 1883 umbo lililosajiliwa lilikuwa linapigwa alama ya almasi yenye herufi na namba, kuanzia 1884 ikawa Rd na namba. Ukikuta limeandikwa jina la nchi, mara nyingi ni cha baada ya 1890, kwasababu mwaka huo Marekani walitunga sheria ya ushuru iliyotaka bidhaa zinazoingia kwao ziandikwe zilikotoka na watengenezaji wengi wakaanza kuandika. Vingi havina alama yoyote na bado ni vya zamani, hapo unaangalia kilivyolika: kitu kilichoshikwa na kufutwa miaka mingi kinalainika kwenye kingo, ila kwenye mikunjo kinabaki cheusi. Cha kughushi kinakuwa cheusi kote sawasawa na chini kimeachwa na mikwaruzo ya mchanga wa kusubia.

Vilifikaje huku kwetu? Mbona iko wazi. Reli ilianza kujengwa hapa Tanga 1893, mkonge ukashamiri, mameneja na maofisa wakaja na vyombo vyao vya mezani, wafanyabiashara wa Kihindi nao wakaleta brasi ya kwao (mji wa Moradabad kule India mpaka leo unajulikana kwa kazi hiyo), wamisheni nao walikuwa na vya kwao vya altareni. Mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa 1967 baada ya Azimio la Arusha kuna waliofunga virago, na mtu anayehama hawezi kubeba kila kitu, vyombo vikabaki kwa wapishi, kwa mayaya, kwa majirani, vingine mnadani.

Kuna wanaosema hivyo ni vitu vya wazungu havituhusu. Mimi nawaambia nendeni Tongoni hapo jirani, au Kaole kule Bagamoyo, mkaangalie makaburi ya wazee wetu wa pwani, kuna vishimo vilivyokuwa vimepachikwa bakuli za kauri kutoka mbali. Waliona kitu kizuri kimekuja na chombo, wakakipenda, wakakifanya chao mpaka kaburini. Pwani ndivyo ilivyo toka zamani.

Sasa kusafisha, maana hapa ndo watu wanaharibu. Hewa yetu ya chumvi inakifanya cheusi haraka na sehemu nyingine kutu ya kijani, watu wanahamaki wanaloweka kwenye ndimu usiku kucha. Usiloweke! Asidi ikikaa sana inakula zinki, kinatoka na mabaka ya pinki na kurudisha ile rangi ni kazi kubwa. Ukwaju uliolainishwa kwa maji unatosha, paka, sugua na kitambaa laini dakika chache, suuza kwa maji mengi, kausha hapo hapo mpaka kwenye mikunjo. Nta iliyoganda mwagia maji ya moto itoke yenyewe, usiweke kisu na usikiweke kwenye moto wa jiko maana palipolehemiwa panaweza kuachia. Kuna vilivyopakwa vanishi, hivyo futa vumbi tu. Na tafadhali msipige spreyi ya dhahabu, na msitoboe kitako kupitisha waya wa taa, kikishatobolewa thamani yake imeondoka.

Kupamba wala si gharama. Weka vitatu vya urefu tofauti juu ya kabati la mvule au mninga, ile rangi ya kahawia ya mbao inakitoa kinara, si lazima vifanane, mimi naona visivyofanana vinapendeza zaidi ila pacha usiwatenganishe. Nyuma yake kioo, usiku mwanga unakuwa mara mbili. Kama nyumba yenu ni zile za mawe zenye zidaka ukutani basi hamhitaji kununua chochote, weka kimoja kwenye kidaka na kisahani cha asumini pembeni. Karibu na dirisha la baharini upepo utakizima, vika chemni, kile kioo cha taa. Mbali na pazia lakini. Umeme ukikatika unawasha, kitu kinafanya kazi yake.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda mpaka milango ya kuchonga ya kabla ya 1940, ila kinara kikishatolewa kabatini kwenda kwenye mzani hakuna wa kukizuia, kwahiyo ulinzi wake ni sisi wenyewe. Naomba familia kabla ya kumwita kijana wa mkokoteni waulize kwanza wazee wa nyumba kitu kimetoka wapi. Naomba wenye yadi waviweke pembeni bila kupiga tupa, wataviuza kwa bei nzuri kuliko ya kiwandani, hiyo ni biashara yao pia. Makumbusho ya Urithi pale kwenye Boma la zamani wakitenga siku watu wakaleta vyao vikaangaliwa na kupigwa picha, mimi nitakuwa wa kwanza kufika na vyangu. Na wewe Mhariri, mtume mpiga picha wako kwenye yadi yoyote ya mjini, atoe hivyo vinara kwenye rundo, mvichape ukurasa wa rangi watu wavione kabla havijapakiwa kwenye lori.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga