YAH: LIPU INAYOBANDUKA NA KUTOA CHUMVI, NYUMBA YA UFUKONI

Ufukoni, Mtwara
10 Februari 2025

Meneja wa Kampuni,
Mtwara Mjini.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ndiye mwalimu mstaafu mliyempigia lipu ndani na nje Oktoba mwaka jana: vyumba vitatu, sebule na kuta zote za nje. Robo tatu ya fedha nimeshalipa. Sasa nikifagia sebule asubuhi, jioni nakuta unga mweupe umemwagika tena chini ya ukuta, na rangi imevimba kama andazi. Upande wa kusini limeshaanguka pande la ukubwa wa mlango. Kwingine lipu bado imeshikilia, lakini ukiigonga kwa kidole inaitika kama debe tupu.

Nilipompigia simu msimamizi wenu, alinijibu kwamba ni hewa ya bahari, eti Mtwara lipu zote ndivyo zilivyo. Jibu hilo ndilo lililonikalisha niandike. Boma la Mikindani limejengwa na Wajerumani mwaka 1895, linatazama ghuba, na kuta zake zipo. Najua lile ni la mawe na chokaa, na limekarabatiwa. Basi tumwache Mjerumani, tumtazame jirani yangu. Fundi wake ni wa mtaani, lipu yake ina miaka sita na haina hata ufa. Upepo unaonipuliza mimi unampuliza na yeye.

Tatizo lilianzia kwenye mchanga. Mkataba unasema mchanga wa mtoni. Lori la pili liliposhusha niliona vipande vya kombe, nikauonja kwa ulimi: chumvi tupu. Nilipomwambia msimamizi alicheka, akasema, "Mwalimu, mchanga ni mchanga." Chumvi hiyo sasa inavuta unyevu, ukuta ukikauka inajitokeza usoni na kuisukuma rangi. Nimepaka mara mbili, nimepoteza rangi mara mbili.

Vipimo tulikubaliana moja kwa tano, yaani mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa ndoo tisa za mchanga za lita 20. Siku niliyokaa chini ya mkorosho kuhesabu, saidia fundi alimwaga ndoo 16. Simlaumu kijana yule, yeye anatumwa. Udongo wa lipu uliokorogwa saa mbili asubuhi ulikuwa umeshaanza kukaza walipotoka kula saa saba. Wakautia maji, wakaendelea nao.

Tena kuta hazikuloweshwa hata kidogo kabla ya kazi. Tofali kavu la kiangazi liliyanyonya maji yote ya lipu. Halafu zile siku saba za kumwagilia, ambazo zimeandikwa kwenye mkataba, zikawa siku moja. Maji ya Oktoba ni ghali, naelewa, ila nilikuwa nimeshayalipia.

Ukuta wa kusini haukuwa kwenye timazi. Hilo nakiri ni kosa la aliyejenga tofali, si lenu. Lakini mliusawazisha kwa kuujaza lipu kwa mkupuo mmoja. Kipande kilichoanguka nimekipima: milimita 42, wakati tulipatana 15. Penye shimo kubwa hupigwa tabaka la kwanza, likakwaruzwa, likaachwa likaze, ndipo lifuate la pili. Mafundi wenu wanalijua hilo kuliko mimi; walikuwa wanaharakishwa.

Sidai kurudishiwa fedha, na sitaki mtu aje kuziba viraka. Lipu ya sebule na ya ukuta wa kusini ibanduliwe hadi kwenye tofali, kuta zisuguliwe kwa brashi na kuoshwa, kisha zipigwe upya kwa mchanga nitakaouonja mwenyewe kabla haujashushwa. Vyumba vilivyobaki vigongwe mbele yangu, panapoitika patupu pabanduliwe pia. Robo iliyobaki nitailipa siku ya saba ya kumwagilia.

Nawapa siku 14. Zikipita bila jibu la maandishi, barua hii pamoja na mkataba na picha nitazipeleka Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na madai yangu Mahakama ya Mwanzo.

Kile kipande cha milimita 42 kiko barazani, nimekifunga kwenye mfuko wa saruji mliouacha. Mkija, njooni asubuhi. Mchana huwa niko shamba.

Wenu,
Mteja, nyumba ya Ufukoni