Shukrani kwa mzee wa kalamu za wino, Kariakoo

Mzee wangu, jina lako silijui, ila shukrani hizi ni zako. Nilisimama mezani kwako bumu, ile fedha ya mkopo wa chuo, likiwa linaelekea ukingoni, macho yote kwenye Parker yenye kifuniko cha dhahabu. Ungeweza kuniuzia ukamaliza. Badala yake ukasema, "Mwanangu, anza na hii," ukanikabidhi Hero ya Shanghai, ile ambayo umbo lake limefuata Parker 51 ya mwaka 1941, nibu, kile kichuma cha kuandikia, imejificha, inachungulia ncha tu.

Hukuishia hapo, na wateja walikuwa wanasubiri. Ulifungua kiuno cha kalamu, ukaminya kifuko cha wino ndani ya kikombe cha maji ya uvuguvugu, ukaminya tena na tena mpaka maji yakatoka meupe. Kisha ukainua nibu juani nione kama meno yake mawili yamelingana. Ukanionya nisitie kamwe wino mweusi wa wachoraji, kwa sababu ule una gundi inayoganda na kuziba njia yote. Wino wa kalamu hizi huyeyuka kwa maji. Kwa mwanafunzi, elimu hiyo ni mtaji kamili, maana sasa nanunua kalamu kuukuu zilizoziba, nazisafisha, zinaandika.

Nimeshaongeza kalamu za Jinhao na Platinum Preppy, zote za bei ya kawaida, na notsi zangu zote naandika kwa wino.

Asante sana, mzee wangu. Mungu akupe afya na akubarikie biashara yako.