Barua kwa Rehema kuhusu bakteria wenye sumaku

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Uliponieleza jinsi kila awamu ya dawa ya saratani inavyomwacha Mama hoi, mdomo umejaa vidonda na hata uji haupiti, niliumia sana. Ukaniuliza habari za viroboti, yaani roboti vidogo mno, vinavyoongozwa kwa sumaku kupeleka dawa kwenye uvimbe, kama ni kweli au porojo. Ni kweli, na kuna utafiti mmoja nimeupenda kuliko yote.

Dawa ya saratani ikitiwa mshipani husambaa mwili mzima, ndiyo maana mdomo na nywele vinaadhibiwa bure. Na kwenye uvimbe wenyewe kuna sehemu isizozifikia vizuri, maana seli zimeongezeka upesi kuliko mishipa ya damu. Huko oksijeni ni haba, na seli za huko ndizo sugu, hata kwa mionzi.

Mwaka 2007, Sylvain Martel na wenzake wa Polytechnique Montréal, Kanada, waliongoza kigololi cha milimita 1.5 ndani ya mshipa wa shingo wa nguruwe aliye hai, kwa sumaku ya MRI, ile mashine ya hospitali ya kupiga picha za ndani ya mwili. Lakini kitu kikizidi kuwa kidogo, sumaku hukosa nguvu ya kukivuta, na vijishipa vya uvimbe ni vyembamba kuliko unywele. Ndipo wakamgeukia bakteria wa baharini, Magnetococcus marinus. Ndani yake ana mnyororo wa chembe za madini ya chuma, kama dira. Ana mikia ya kuogelea, na kwa maumbile yake hupenda mahali penye oksijeni kidogo. Sumaku inamwonyesha njia tu, mwendo ni wake mwenyewe. Akishafika kwenye uvimbe, anajipenyeza kulekule dawa inakoshindwa! Niliposoma hapo nilisimama nikamshukuru Mungu.

Mwaka 2016 walieleza walivyombebesha kila bakteria vifuko vidogo mno vya dawa, kama 70 hivi, wakawadunga karibu na uvimbe wa panya waliopandikizwa saratani ya utumbo mpana ya binadamu. Hadi asilimia 55 ya bakteria walipenya kwenye sehemu zenye oksijeni haba.

Ila ni panya, Rehema, tena wa aina yenye kinga dhaifu. Kwa mtu ambaye mwili wake unapigana na kila bakteria anayeingia, kazi bado ni kubwa. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia bangili au maji ya sumaku ya kutibu saratani, usimpe hata senti, na Mama asiruke awamu hata moja kwa kungojea haya.

Hivyo vidonda mwambieni daktari kabla ya awamu ijayo, msingoje aulize. Kuna dawa za kusukutua, na akiona inafaa anaweza kupunguza kipimo. Nijulishe atakavyosema, nami nitakuja nikae na Mama wiki hiyo upate kulala.

Rafiki yako,
Zuhura