Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya: Watu wa ng'ambo ya Bubu tupo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Yah: Ombi la daraja la waenda kwa miguu, Mto Bubu

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Najua utaratibu ni kupitia kwa mtendaji wa kijiji, kisha mtendaji wa kata. Barua zilizopita huko zimo kwenye faili, na jibu tulilorudishiwa ni moja: ombi limepokelewa, lakini idadi ya watu wa ng'ambo ni ndogo, hivyo mradi haujapewa kipaumbele. Wiki iliyopita tumemzika kaka yangu. Ndiyo sababu leo nakuandikia mbele ya watu wote.

Kaka alifariki hospitali. Gari lilimleta mpaka ukingoni, upande wa barabara, tukakuta mto umejaa. Nyumba yake iko ng'ambo. Makaburi ya wazazi wetu yako ng'ambo. Mjane na watoto walikuwa ng'ambo. Tulimlaza kwenye jengo la ofisi ya kijiji tukingoja maji yapungue, nayo yakazidi, maana Kondoa mvua ilikuwa bado inanyesha. Ilipofika hali ya kwamba maiti haiwezi kungoja tena, tuliomba kipande cha ardhi kwa jirani tukamzika huku huku. Shemeji yangu alisimama ukingo wa pili anatuona tunachimba. Hakumwona mumewe uso, hakumtupia hata konzi moja ya udongo. Nani atakwenda kumweleza huyu mama kwamba wao ng'ambo ni wachache?

Mheshimiwa, niruhusu nikueleze kijiji chetu, kwa sababu naamini kwenye makaratasi hakionekani kama kilivyo.

Bubu unashuka kutoka kaskazini, upande wa Hanang na Kondoa, unakuja kuishia kwenye mbuga ya Bahi. Haufiki baharini. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Kiangazi wake zetu wanachimba visima humo humo mtoni, wanakaa chini wakingoja maji yachuruzike, wanachota kwa kata hadi ndoo ijae. Mwezi wa nane bodaboda zinavuka, ng'ombe wanavuka, na mgeni anaweza kuupita mto asijue kwamba ameupita. Mvua za huku kwetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima mkoa wetu wa Dodoma unapata kama milimita 500 hadi 600. Kidogo sana. Lakini maji yanayotuua siyo ya mvua yetu, ni ya wenzetu wa juu. Hapa jua linawaka, mbingu nyeupe, watoto wanaingia mtoni maji yakiwa chini ya magoti, wakifika katikati wanasikia ngurumo ya maji yanayoshuka. Mwezi uliopita wanafunzi waliokuwa wanarudi nyumbani waliokolewa kwa kamba ya kufungia ng'ombe. Taarifa iliandikwa, ikapelekwa wilayani.

Utauliza kwa nini watu wanakaa ng'ambo, ilhali shule, ofisi, pampu ya maji na barabara viko upande huu. Hawakuhamia huko jana. Wazee wetu walikaa huko na tembe zao na mifugo yao tangu enzi za babu. Operesheni ya mwaka 1971 ndiyo iliyowaleta upande huu wa barabara wawe kijiji cha ujamaa, kule kukabaki mahame. Lakini mashamba hayahamishiki. Udongo mweusi unaotoa mpunga na mtama uko kule, huku kwetu ni kichanga, karanga na alizeti. Kaya zilipoongezeka, vijana walirudi kujenga kwenye mahame ya babu zao. Leo kijiji ni kimoja kwenye muhuri wa mwenyekiti, na ikifika Januari ni vijiji viwili visivyofikiana.

Na hiyo idadi ya watu inayotajwa kila mara imetoka wapi? Imetoka kwenye sensa. Sensa ilikuwa tarehe 23 Agosti 2022, na kila mtu alihesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku hiyo. Siilaumu sensa. Karani alifika kaya kwa kaya, alivuka mchanga kwa miguu, alifanya kazi yake vizuri. Lakini Agosti kule ng'ambo yuko nani? Mavuno yamekwisha, vijana wako mjini kwenye vibarua vya ujenzi, wachungaji wameshuka na ng'ombe kutafuta malisho. Walihesabiwa huko walikolala. Kuanzia Novemba wote wanarudi kulima, na wengi wa upande huu nao wanavuka kwenda kukaa kwenye vibanda vya mashambani mpaka mavuno. Watu wanapokuwa wengi kule ndipo mto unapojaa. Mnatumia hesabu ya kiangazi kuamua shida ya masika!

Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012, na mwaka 2022 tukawa 3,085,625. Watu milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi. Je, hao wote wameongezeka mjini tu, ng'ambo ya Bubu hakuzaliwa mtu?

Wataalamu wa halmashauri nao walikuja kiangazi. Walipima upana wa mto wakiwa wamevaa viatu, wakaandika kwamba panapitika. Mto wenyewe unazidi kupanuka kila mwaka, kingo zinamegeka na mibuyu ya pembeni imeanza kuanguka. Nadhani ni miti inayokatwa huko juu kwa mkaa, na malori yanayochota mchanga wa kujengea mjini. Hata kama sababu ni nyingine, ukingo niliouchezea utotoni haupo tena.

Masika hapa tunavushwa na vijana wenye nguvu, kwa malipo, na bei inapanda kadiri maji yanavyopanda. Mama mjamzito analipa. Mtoto wa shule analipa. Mimi nimelipa kuvusha gunia, nimelipa kuvusha mgonjwa, na kwa kaka hata hao vijana walikataa pesa yangu, na walikuwa na haki.

Mheshimiwa, wewe mwenyewe ulituahidi kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024. Ulisimama kwenye mkutano wa hadhara ukasema masika ijayo watoto wetu watavuka bila kulowa. Tulipiga makofi, mama zetu walipiga vigelegele. Masika hiyo ilipita.

Hatuombi lami. Hatuombi daraja la magari. Tunaomba daraja la miguu, la kupita mtu na jeneza. Na kama bado mnasema sisi ni wachache, basi ombi langu ni hili moja: njoo uhesabu sasa hivi, kabla ya Mei, mto ukiwa na maji. Usije Agosti. Njoo sasa, usimame ukingoni na faili lako, uvuke, uhesabu kaya moja moja, shemeji yangu akiwemo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima, kitongoji cha ng'ambo