Zaina, soma hii kabla hujapanda basi la Loliondo

Mwanangu, marahaba ya jana. Hiyo GPS usitembee nayo mkononi, iweke kwenye begi. Najua utasema mama kaanza, ila watu wa kule wakiona mtu anachukua pointi hawaulizi unasoma chuo gani, wanajua mpima kaja na bikoni za mipaka. Juni 2022 zilipowekwa zile za kutenga pori la akiba la kilomita za mraba 1,500 askari mmoja aliuawa, wananchi wakajeruhiwa, wengine wakakimbilia Kenya na vidonda vyao, na we fildi zote hizi, ya kuchora ramani umechagua huko huko.

Likizo uliponieleza habari za huyo mwanajiografia wenu David Harvey na kitabu chake cha 1973, kwamba haki siyo nani kapewa nini tu, ni kapewa wapi, nilifurahi mpaka nikaenda kuwasimulia wenzangu kwenye kikoba, sijui kama nilieleza sawa. Haya, mwaka 1959 Wamasai walitolewa Serengeti wakaambiwa Ngorongoro ndo kwenu, leo wengine wametoka tena Ngorongoro wako huku kwetu Handeni, kijiji cha Msomera, nyumba ya vyumba vitatu kwenye eka mbili na nusu na shamba eka tano. Nyumba nzuri, sikatai, na serikali inasema wamehama kwa hiari. Ila waliokuwepo Msomera kabla nao wanalia mashamba yao yamekatiwa wageni. Juzi mnadani mama mmoja wa Kimasai ananiuliza kiangazi ng'ombe huku wanapelekwa wapi, nikabaki namwangalia tu. Swali kama hilo kwenye ramani yako linakaa wapi?

Na ramani ikiisha nani anabaki nayo? Nimekuuliza mara ngapi, unanijibu "mama ni ya ripoti". Ripoti anasoma nani? Ukifika anza kwa mtendaji na mwenyekiti, halafu wazee wa boma, kibali kiwe karatasi maana simu yako haikai na chaji. Kila pointi uwaonyeshe, wakikataa usichukue, hata kama msimamizi atakukata maksi. Usiwaahidi kitu.

Baba yako anataka shuka la kimasai, usinunue, bati za jikoni bado hazijatimia na mdogo wako anadaiwa mchango wa mitihani. Mahindi yameshaanza kubunguliwa. Na chaja ya baba yako umeondoka nayo, mpe kondakta wa basi la huku airudishe, tunagombania hii moja kila usiku.