Walimu wa kompyuta, anzeni na difolti

Mhariri,

Salamu kutoka Mwembe Tayari. Naomba nafasi kidogo niseme jambo ambalo wengine wataliona dogo lakini mimi lanila wino na karatasi kila wiki. Nina saiba hapa, kompyuta sita, printa mbili na mashine moja ya fotokopi, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wa vyuo wanaokuja na dayagramu za projekti, zile za visanduku na mishale, na mafundi wa stima wanaochora waya za nyumba. Hawa wote wana ugonjwa mmoja. Wakifungua programu wanaanza kuchora hapo hapo, hakuna hata mmoja anayetizama difolti, yaani ile mipangilio ambayo programu huanza nayo yenyewe, imekaaje, karatasi gani, rangi gani, mstari mnene kiasi gani. Kwa Kiswahili cha vitabuni nasikia yaitwa chaguomsingi, jina zuri tu, lakini ukilitaja hapa saiba watu wanakutizama kama umetaja dawa ya mganga.

Juzi kaja kijana saa kumi na moja jioni, mkaazi wa Likoni, ana haraka ya feri, projekti yatakiwa kesho asubuhi. Kachora kwenye laptop yake mfumo wa stoki ya duka la leso, kaja nayo kwa fleshi. Kazi nzuri wallahi, visanduku 46, nilivihesabu kwa sababu nilikuwa na sababu ya kuvihesabu. Alichorea LibreOffice Draw, programu ya kuchora, na vyote vina ile bluu ambayo programu hupaka yenyewe usipoiambia kitu, kwenye skrini yapendeza, ukiprinti kwa rangi ni wino wamwagika, ukiprinti nyeusi watoka kijivu herufi huzioni. Akaniambia basi mzee tuzifanye nyeupe, akavuta kiti akaanza kimoja kimoja, abonyeze, aende kwa rangi, atoe, aende cha pili. Kufika cha nane nikamwambia mwanangu, feri itakuacha.

Nikabonyeza F11, listi ya staili, yaani sura zilizopangwa tayari za rangi na mstari, ikafunguka pembeni, nikaibadilisha ile staili ya msingi ambayo visanduku vyote vimetoka kwake, bila rangi, mstari mweusi mwembamba, na vyote vikageuka pamoja. Vile vinane alivyovigusa mwenyewe havikusikia, maana ukishabadilisha kitu kwa mkono staili hairudi tena juu yake, inabidi ukifute hicho ulichoweka kwanza. Kijana alinitizama kama nimefanya kiini macho. Miaka miwili chuoni na hakuna mtu aliyemwonyesha F11.

Hapo bado. Tukaprinti, mishale ya upande wa kulia imekatwa. Ukurasa wake ulikuwa Letter, si A4, kwa sababu laptop imewekwa Kiingereza cha Marekani na programu nyingi zikiona hivyo zakupa karatasi ya Marekani bila kukuuliza. Letter ni milimita 216 kwa 279, A4 ni 210 kwa 297, kwa hivyo ile ya kwao ni pana zaidi kwa milimita 6 na fupi kwa 18. Wapi Mombasa hii utanunua rimu ya Letter? Mimi sijaiona. Tunatumia A4 kama dunia karibu yote, ukitoa Marekani, Kanada na wachache wengine, lakini watoto wetu wachora kwenye karatasi ambayo hawajawahi kuishika.

Najua kuna watakaosema si uweke tu ile alama ya kufinyaza iingie kwenye karatasi. Sawa, kwa visanduku haina neno. Lakini fundi akiniletea ramani ya skeli 1:50 kwenye Letter tukaifinyaza ikae A4, yashuka mpaka kama 97 kwa mia, na pambizo za printa zikiingia yashuka zaidi. Chumba cha mita 4 kwenye karatasi ni sentimita 8, sasa ni 7.8 hivi, ukipima kwa rula wapata mita 3.89. Sentimita 11 zimekwenda na maji, halafu waya imekatwa fupi na lawama ni ya printa yangu.

Tena A4 ina raha yake ambayo watu wa fotokopi twaijua. Ukiikuza 141 kwa mia yajaa A3 sawasawa, ukiirudisha A3 kwa 71 yakaa A4 bila kubaki nafasi, kwa sababu urefu na upana wake umepimwa hivyo makusudi, ni mpango ulioanza Ujerumani mwaka 1922. Letter ukiikuza A3 lazima kuna upande utabaki mtupu.

Wale wa draw.io, programu nyingine ya kuchora, nao wana yao. Pale ni rahisi zaidi, unachora kisanduku kimoja unakipamba unavyotaka, fonti, mstari, rangi, unakichagua halafu Ctrl+Shift+D, kuanzia hapo kila kipya chatoka hivyo. Lakini mshale uufanyie wake mbali, kisanduku na mshale hazifuatani, na uifanye mwanzo kabisa kwa sababu vilivyokwisha chorwa havibadiliki. Hili la mwisho ndilo linalowauma, waja kuniuliza wakiwa wamefika sanduku la thelathini.

Ombi langu kwa walimu wa vyuo vya hapa Mombasa, na sitaji chuo chochote maana wote ni wateja wangu. Somo la kwanza la kuchora lisiwe kuchora. Dakika ishirini tu, wanafunzi waweke karatasi A4, kipimo milimita, fonti moja inayosomeka, staili ya kisanduku na ya mshale, halafu waihifadhi kama templeti na waifanye ndiyo ya kufungukia kila siku. LibreOffice yaruhusu hivyo na haina malipo, kwa hivyo msiniambie habari ya bajeti. Na kompyuta za maabara zitolewe kwenye Kiingereza cha Marekani, hiyo ni kazi ya mtu mmoja asubuhi moja.

Najua na mimi nina makosa, mashine zangu zatumiwa na kila mtu na difolti ya mmoja yamwangukia mwingine. Kwenye programu kama CorelDRAW ukibadilisha mstari bila kuchagua kitu chochote inadhani wataka vyote vijavyo viwe hivyo, yauliza kwanza lakini nani asoma, watu wabonyeza tu OK. Nimeanza kurudisha mipangilio yote kila asubuhi kabla sijafungua mlango. Na yule aliyeacha mistari myekundu minene kama kamba ya jahazi kwenye mashine namba 3 Ijumaa, nimeshaitoa, lakini anadaiwa kikombe cha chai.

Mwenye saiba,
Mwembe Tayari, Mombasa